Albamu ya mwisho ya A Tribe Called Quest: siasa kweli au bahati ya kalenda?

Wakuu, jana kijiweni tumebishana hadi kahawa ikapoa, sasa nauleta ubishi huku. Jamaa mmoja anadai We Got It from Here, albamu ya mwisho ya kundi hili la rap la New York, ilipewa sifa za bure. Wamarekani walipiga kura tarehe 8 Novemba 2016, Trump akashinda, siku tatu baadaye albamu ikatoka, wenye hasira wakaidaka. Angeshinda mpinzani wake Hillary Clinton, anasema, tungesikia wazee tu waliokumbukana baada ya miaka 18 bila albamu.

Mimi nakataa. Phife Dawg, rapa wa kundi, alifariki Machi 2016 kwa kisukari, miaka 45 tu. Kila mstari wake humo aliurekodi wakati Trump hata hajapitishwa na chama chake kugombea. Na kwenye wimbo "Conrad Tokyo" anamtaja Trump kwa jina, kipindi ambacho wengi walikuwa wanamchukulia kama kichekesho cha televisheni, anasema huu si wakati wa vichekesho. Huo utabiri? Hapana, ni ujirani. Phife na Q-Tip, rapa mwenzake kundini, wamekulia St. Albans, Queens, huko New York. Trump naye kakulia Queens hiyohiyo, mtaa wa Jamaica Estates, ila upande wenye pesa.

Halafu sikilizeni kiitikio cha "We the People....". Q-Tip anawaambia watu weusi, Wamexico, maskini, Waislamu na mashoga kwamba hawatakiwi, na anaimba kwa sauti laini kama anabembeleza mtoto. Mara ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya, nikarudisha nyuma. Angefoka ningepita tu. Kaazima mdomo wa mwenye nyumba anayekufukuza huku anatabasamu. "The Space Program" ni hivyohivyo: wenzenu wanapaa angani, nyie hamna kiti. Katikati ya wimbo anakuchokoza: vipi kama kweli tunaongelea anga? Nani asiyejua anaongelea mitaa yao, wanakosukumwa nje taratibu?

Nitampa jamaa haki sehemu moja, tuzo za muziki za Grammy za Februari 2017. Rapa Busta Rhymes akamwita Trump "Agent Orange", jina la sumu ya kuua mimea iliyotumika vita vya Vietnam, ukuta wa maigizo kama ule wa Trump ukavunjwa jukwaani, Q-Tip akamalizia na "resist" (pingeni) mara nne. Hapo kalenda iliwabeba kweli. Lile ni neno la bango la maandamano, na albamu haina uvivu wa namna hiyo.

Mimi nabaki na onyesho lao kwenye Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, siku moja tu baada ya albamu kutoka. Ilipofika zamu ya Phife, hakuna aliyechana mistari yake badala yake. Picha yake kubwa ikashushwa, sauti yake ikapigwa, wenzake wakamwachia jukwaa.

Jamaa kajibu kwamba hayo ni majonzi, siasa iko wapi. Haya, anayekubaliana naye alete wimbo mmoja humo ndani uliohitaji Trump ashinde ndipo ueleweke. Nimeutafuta usiku kucha, sijauona.