Wauza moduleta Mombasa, mbona hamuulizi redio ya mteja yaishia wapi?

Jamani, nafungua uzi huu kwa hasira. Kuanzia Likoni mpaka Kisauni moduleta za FM, vidude vya kurusha muziki wa simu hadi kwenye redio ya gari, zauzwa kama njugu: chomeka kwenye laita, unganisha simu, muziki unalia. Swali la kwanza halina anayeliuliza: redio ya gari lako yaishia namba gani ya FM?

Probox, Vitz, Fielder, gari nyingi zinazoteremshwa Kilindini zaja na redio ya Kijapani. Redio hiyo yasoma 76 hadi 90. Za karibuni zapita hapo kidogo. Moduleta yarusha 87.5 hadi 108. Pa kukutana ni 87.5 hadi 90 tu, na stesheni ikiwa imekaa hapo, moduleta haina ubavu nayo. Mteja aambiwa aweke 104. Redio yake haina 104! Akirudi kulalamika aambiwa simu yake ndiyo mbovu. Huu ni wizi.

Mtasema gari lina ekspanda, kile kidude kinachokaa kati ya antena na redio ili stesheni za juu zisikike. Sawa, basi mfundisheni mtu kuitumia. Ekspanda huteremsha masafa yote yanayopita kwenye antena kwa kiasi kimoja, na kila ekspanda ina kiasi chake. Kukijua ni kazi ya dakika mbili: tafuta Baraka FM, ambayo ni 95.5. Ukiipata kwenye 79.5, ekspanda yako yapunguza 16. Moduleta ukiiweka 104.3, redio iweke 88.3, mradi pale pawe kimya kabla hujawasha moduleta. Kwenye foleni ya feri, gari zikibanana, moduleta ya jirani iliyo kwenye namba hiyohiyo itaingia kwako. Sogeza namba zote mbili, basi.

Na kama redio ina tundu la AUX, lile la kuchomeka simu kwa waya, moduleta ya nini? Mwauzia watu kelele na waya wa AUX upo. Redio nyingi za Kijapani zina tundu lililoandikwa VTR, nalo hupokea muziki vilevile, ila hutaka pini yenye pete tatu nyeusi, na mpangilio wa ardhi, yaani njia ya umeme kurudi, kwenye waya hizo haufanani. Ardhi ikikosa kugusa, utasikia taarabu bila mwimbaji: fidla na kinanda vyasikika kwa mbali, sauti ya katikati imezama. Spika haijafa, msikubali kuuziwa spika. Badilisheni waya.

Linaloniudhi zaidi ni ule mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta. Mafundi wakimbilia kusema altaneta imekufa. Chomoa chaji ya simu kwanza! Mluzi ukikatika, altaneta haina neno: simu inachajiwa na gari huku imeunganishwa na redio ya gari hilohilo, kwa hiyo ardhi zimekuwa mbili na umeme wazunguka kati yake. Dawa ni kichuja mluzi, kile kidude chenye transfoma ndogo ndani, kikae kati ya simu na AUX. Ukikikosa, chajia simu kwenye pawabenki isiyochomekwa kwenye gari.

Sauti ya simu iacheni kama asilimia 80. Juu ya hapo muziki wapasuka kabla haujafika kwenye spika, chini mno wajaza mchakacho.

Halafu nyinyi mnaokata soketi ya kiwandani na kusokota waya kwa selotepu: kwa hewa hii ya chumvi kiungo hicho chaota kutu ya kijani, kisha spika moja yaja na kupotea. Soketi za kuunganishia bila kukata zipo. Kama lazima ukate, unganisha waya kwa risasi ya kulehemu. Na waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa swichi. Ukivigeuza, redio yasahau stesheni kila gari likizimwa.

Muuzaji yeyote wa hapa Mombasa anayekubali kujaribu kwenye redio ya mteja kabla ya kupokea pesa, ajitokeze kwenye uzi huu.