Naomba ushauri: bekapu ya ofisi ndogo isiyoweza kufungwa na virusi

Wakuu, naomba ushauri. Ofisi ina kompyuta 5 na diski moja ya nje ya bekapu (nakala za akiba za mafaili), ila haichomolewi kamwe. Hapo ndipo penye shida: virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa hushambulia kila diski inayoonekana, na bekapu nayo inakwenda na maji. Nafikiria mpango wa 3-2-1: nakala 3, vifaa vya aina 2, moja nje ya ofisi. Barua pepe tayari ina uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na namba ya muda) kwa programu ya simu, si SMS (laini ya simu huibwa). Je, diski 2 za kupokezana kila wiki zinatosha, au nitumie hifadhi ya mtandaoni inayotunza matoleo ya zamani? Na mnajaribu kurejesha mafaili kutoka kwenye bekapu kila baada ya muda gani?