Mama wa makala anasomeshwa, mwenye jeti anapigiwa makofi

Wandugu wa L'shi (Lubumbashi) na wa kwingine, nimeshindwa kunyamaza.

Juzi hapa mjini kulikuwa na kikao cha mazingira, hoteli kubwa, chupa ya maji kila kiti. Mgeni rasmi, mkubwa wa kampuni ya migodi (siitaji), akatueleza weee namna mama zetu wanavyomaliza misitu ya miombo kwa makala (mkaa wa kupikia). Yaani mama wa Katuba anayesonga bukari (ugali) kwenye mbabula, jiko lake la makala, ndiye adui wa tabianchi! Makofi. Kikao kikaisha, bwana akapelekwa Luano, uwanja wetu wa ndege, ndege yake binafsi ikamrusha mpaka Kolwezi. Kolwezi jamani! Kilomita 300 hivi, lami. Na gari lake lilikuwa limeshatangulia kwa barabara hiyohiyo, dereva peke yake ndani, likampokee uwanjani.

Makala yanakata msitu, hilo sibishi. Lakini umeme ukienda, na unakwenda kila mara, mnataka tupikie nini?

Sasa tupige hesabu. Utafiti uliotoka 2024 katika jarida la Communications Earth & Environment ulifuatilia ndege binafsi karibu 26,000. Mwaka 2023 zilitoa tani milioni 15.6 hivi za hewa ya ukaa, 46% zaidi ya 2019. Safari moja, kwa wastani, tani 3.6. Mkongomani wa kawaida, ukiweka pembeni habari ya misitu, hafikishi hata kilo 100 kwa mwaka. Kwa hiyo safari moja ya bwana mkubwa ni zaidi ya miaka 36 ya mtu wa hapa. Na karibu nusu ya safari hizo zilikuwa chini ya kilomita 500. Si za kuvuka bahari hizo, ni za kukwepa vumbi na vizuizi vya barabarani.

Tena ndege zenyewe hazitulii. Inamshusha bosi, inarudi tupu, kesho inakwenda tupu kumchukua.

Nani anawatoza? Mpango wa kimataifa wa kufidia hewa ya ukaa ya ndege, CORSIA, hauwagusi wanaotoa chini ya tani 10,000 kwa mwaka. Mwenye jeti yake moja atazifikisha wapi hizo? Wakibanwa kidogo wanakuambia mafuta safi ya ndege yanakuja. Yanakuja! Mwaka 2024 hayakufika hata 1% ya mafuta yote ya ndege duniani.

Kinachoniuma zaidi ni reli. Njia ya Likasi, Tenke mpaka Kolwezi ilitandikiwa nyaya za umeme tangu miaka ya 1950, umeme wa mabwawa yetu wenyewe. Watu wanaochimba shaba na kobalti ili Ulaya na China waendeshe magari ya umeme, wanaruka juu ya reli ya umeme kwa kuchoma mafuta ya taa. Halafu kwenye ripoti zao wanajiita kampuni ya kijani.

Mimi nataka mafuta ya ndege binafsi yatozwe kodi, na safari ikiwa fupi kodi iwe kali zaidi. Pale penye barabara ya lami au ndege ya abiria, jeti isiruhusiwe kabisa. Anayeng'ang'ania kuruka apande ndege ndogo ya pangaboi pamoja na wenzake, inakunywa mafuta kidogo na kwa umbali huu hachelewi mtu. Ndege ya kubeba mgonjwa iachwe, hiyo hakuna mwenye akili atakayeigusa. Na pesa za kodi ziende kwenye reli, zisipotelee Kinshasa.

Msiniambie ni ndoto. Mwaka 2025 Kenya, Somalia, Benin na Sierra Leone ziliungana na Ufaransa na Hispania kutaka wenye ndege binafsi na abiria wa daraja la juu walipe. Wasomali wameona, sisi wenye migodi tunasubiri nini?

Najua kuna atakayekuja hapa chini kuandika kwamba tukiwabana watakimbia na kazi zetu. Wakimbilie wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwenye udongo huu. Hawawezi kuuhamishia Dubai.