Dogo kakatwa maksi kwenye displesimenti, naombeni ushauri

Baba_Nkuhungu: Wakuu, habari za jioni. Mwanangu yuko kidato cha pili hapa Dodoma. Karudi na karatasi ya jaribio la fizikia, kanuna. Swali: mtu katembea kilomita 3 kwenda mashariki, kisha kilomita 4 kwenda kaskazini. Tafuta umbali aliotembea na displesimenti yake. Dogo kajibu umbali km 7, displesimenti km 5. La kwanza kapata tiki safi. La pili nusu maksi, na pembeni wino mwekundu: "Wapi?" Basi. Mimi nilikuwa mtu wa historia, hata hiyo 5 sijui imetokea wapi. Niende shuleni nikaulize, au mwalimu yuko sahihi?

Kondoa_Irangi: Mwalimu yuko sahihi mkuu, tena kamhurumia. Hiyo 5 ni Pithagorasi, kanuni ya pembetatu yenye kona ya nyuzi 90: 3×3 jumlisha 4×4 unapata 25, kipeuo chake cha pili ni 5. Ila displesimenti ni vekta, yaani mstari ulionyooka toka alipoanzia hadi alipoishia, pamoja na mwelekeo wake. Ukitaja km 5 ukanyamaza, huyo mtu anaweza kuwa popote kwenye duara la kilomita 5 kuzunguka pale alipoanzia. Umbali ni skala, wenyewe hauulizwi mwelekeo.

Suka_wa_Mtera: Ngoja niongee kidereva. Dodoma kwenda Iringa, kabla njia ya Mtera haijawekwa lami wengi tulikuwa tunazungukia Morogoro, zaidi ya km 500. Siku hizi unakata Mtera, kama km 260. Umbali umepungua karibu nusu, mafuta nayo vilevile. Lakini Iringa haijahama! Iko kusini ya Dodoma, karibu kabisa na kusini yenyewe, kama km 180 ukiweka rula kwenye ramani. Displesimenti ni hiyo km 180 kusini, upite Mtera, upite Morogoro. Ukigeuza ukarudi Dodoma inakuwa sifuri, ila mwambie bosi wako kwamba hujaenda popote uone kama dashibodi itakutetea.

Mtu_wa_Area_C: Kwa kifupi, displesimenti siku zote ni ndogo kuliko umbali.

Kondoa_Irangi: Hapana. Ukinyoosha moja kwa moja bila kukata kona wala kurudi nyuma, vinalingana. Isichoweza ni kuuzidi umbali. Walimu wanapenda sana kutega hapo kwenye maswali ya kweli au si kweli.

Baba_Nkuhungu: Shukrani wakuu, shuleni siendi tena. Sasa huo mwelekeo angeuandikaje? Kaskazini mashariki?

Ticha_Mstaafu: Kaskazini mashariki kamili ni nyuzi 45, na huyu kapanda kaskazini zaidi ya hapo. Kama tanjenti (hesabu ya kupata pembe kutokana na pande za pembetatu) bado hawajafundishwa, achore kwa skeli, sentimita 1 iwe kilomita 1. Apige mstari wa sm 3 kwenda kulia, mwishoni mwake apandishe wa sm 4, kisha aunganishe mwanzo na mwisho. Rula itasoma sm 5. Protrakta aiweke pale mwanzo, itasoma nyuzi 53. Jibu ni km 5, nyuzi 53 kutoka mashariki kuelekea kaskazini. Na mshale asisahau kuuweka kwenye mchoro, kuna wasahihishaji wanakata maksi hapo pia.