Sikukuu ya mavuno: mnada usimeze shukrani. Tuupange vipi?

karani_wa_mtaa
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mtaa wetu wa kanisa una waumini kama 180, jumuiya 6 (vikundi vya waumini majirani), wengi wakulima wa mahindi, maharage na viazi mviringo. Sikukuu ya mavuno imebakiza wiki 5. Kamati ina mambo matatu: mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka unakula muda wa saa tatu na watu wanaondoka kabla ya baraka, fedha nyingi zinabaki daftarini kama ahadi, na wasio na gunia la kuleta siku hiyo hawaonekani kabisa. Wenye uzoefu naomba utaratibu, mahubiri tunayo.

mzee_wa_zamu
Amina. Naanza na hilo la tatu, maana ndilo baya kuliko yote. Soma Kumbukumbu la Torati 26:1-11. Mwisraeli anaambiwa atie malimbuko, yaani mazao ya kwanza, kapuni. Kapu, si gunia. Basi tangazeni kwenye jumuiya wiki mbili kabla: Jumapili kila kaya ilete kile tu ambacho mtu mmoja anakibeba kwa mikono miwili hadi madhabahuni. Kilichozidi hapo kipelekwe stoo Jumamosi mchana, kipokelewe na wazee wawili, kiandikwe, basi. Mwenye magunia kumi na bibi mwenye kibaba cha maharage watapita mbele na makapu yanayolingana. Na msisome majina na kiasi kwa kipaza sauti. Hicho ndicho kinachowafungia watu nyumbani.

Jambo la pili kwenye sura hiyo hiyo, ambalo sharika nyingi hulipita: kuhani akishaliweka kapu mbele ya madhabahu, mwenye kapu anasema. Anataja baba yake aliyetangatanga, utumwa wa Misri, kilio, kutolewa, ndipo malimbuko. Kwa hiyo kila jumuiya imtoe mtu mmoja aseme sentensi nne, na Zaburi 107 inawapa mpangilio: tulikuwa katika hali gani, tulimlilia Mungu kwa lipi, alitenda nini, tunamshukuru. Kusanyiko liitikie mstari wa 8: "Na wamshukuru Bwana, kwa sababu ya fadhili zake, na maajabu yake kwa wanadamu." Dakika 2 kila mmoja, jumuiya 6 ni dakika 12.

Ziandikwe kwenye karatasi na mwinjilisti azione Ijumaa. Asiyeandika atahubiri. "Mungu ametutendea mengi" irudishwe kwa mwenyewe; "viwavijeshi viliingia mahindi yakiwa usawa wa goti, tukapata debe nane pale tulipokata tamaa" ndiyo shukrani.

mtunza_hazina
Mzee kamaliza upande wa madhabahu. Mimi nashika fedha.

Kwanza, baraka itolewe, ibada ifungwe, ndipo mnada uanze, nje, kivulini. Anayetaka kwenda aende bila kuonekana ametoroka.

Pili, punguzeni vitu vya kunadi. Mnada wenu ni mrefu kwa sababu mnanadi debe moja moja. Mahindi makavu ya aina moja yakusanyeni, mpime kwa mizani (debe la huyu lina kichuguu, la yule limesawazishwa, na lumbesa, yaani kujaza kupita kipimo, hatuitaki kanisani), myauze kwa mkupuo kwa mnunuzi kwa bei ya soko ya wiki hiyo. Maharage vivyo hivyo. Mnadani vibaki kuku, mbuzi, mayai kwa trei, mikungu ya ndizi, mboga, maboga. Visizidi 40, dakika moja kila kimoja. Mboga na mayai vitangulie, mbuzi wa mwisho, maana ndiye anayewashikilia watu. Bei ya kuanzia iwe nusu ya bei ya soko. Mkianza na bei kamili mnadi atabaki anabembeleza, na kubembeleza ndiko kunakokula saa.

Tatu, ahadi. Kitu hakitoki mezani bila kulipiwa. Daftari liwe na safu sita: namba ya kitu, kitu, mnunuzi, bei, taslimu au simu, saini ya mpokeaji. Jina la mtoaji halimo humo. Anayelipa kwa simu aonyeshe ujumbe, karani aandike namba ya muamala. Asiye na fedha pale pale, kitu kinanadiwa upya. Mkifanya hivyo mwaka mmoja tu, mwaka unaofuata watu watakuja na fedha mfukoni. Kuhesabu ni watu watatu, siku hiyo hiyo, kabla ya chakula.

karani_wa_mtaa
Asanteni sana. Na yule anayenunua jogoo halafu analirudisha linadiwe tena? Halafu jumuiya moja mazao yameungua na jua, wanasema hawana cha kusema.

mtunza_hazina
La jogoo: kila mzunguko ni mstari mpya na namba mpya (14, 14B, 14C), kila mnunuzi analipa kabla ya kurudisha. Mkiandika bei ya mwisho pekee, fedha itazidi daftari na maneno yataanza. Mwisho mara tatu, zaidi ya hapo ni mashindano ya wenye nacho.

mama_jumuiya
Hao ambao mazao yao yameungua na jua ndio waanze kusema! Zaburi 107 yenyewe inaanza na wenye njaa na kiu. Wapeni Habakuki 3:17-18 waisome, wakiwa na kapu tupu mikononi. Msiwalazimishe kutabasamu.

Na chakula msikisahau. Walawi 7:15 nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Mnyama mzima kwa kaya moja kwa siku moja haiwezekani, lazima uite watu. Mbuzi mmoja msimnadi, mchinjeni Jumamosi jioni. Kabla hamjauza nafaka, tengeni debe 4 au 5 za mahindi na moja ya maharage kwa wajane na wagonjwa. Zipelekwe nyumbani, wasiitwe mbele kupokea.

Ila hayo mahindi mnayogawa yakaguliwe. Watu huleta yaliyovunwa juzi. Chukua chupa kavu, tia mahindi robo yake na chumvi kavu vijiko viwili, tikisa dakika 3, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado mabichi. Yaanikwe kwenye turubai, si chini kwenye udongo. Ukiyafunga gunia hivyo yanapata ukungu na sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu), na sumukuvu haitoki kwa kupika. Punje zilizobadilika rangi zichambuliwe zitupwe, kuku nao wasipewe.

mzee_wa_zamu
Nyongeza ya tarehe, karani. Wajerumani hushukuru mavuno Jumapili ya kwanza ya Oktoba kwa sababu ndipo mavuno yao yanapoisha. Kwa wa Nyanda za Juu Kusini, Oktoba mahindi yameshauzwa na watu wanatafuta hela ya mbolea. Kama kalenda yenu inaruhusu, wekeni wiki mbili tatu baada ya kupukuchua.