Vita vya Marekani vya 1861–1865: utumwa au "haki za majimbo"? Msaada wa mdahalo, kidato cha sita

Mwalimu Ipagala

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Kidato cha sita wana mdahalo wiki ijayo kuhusu chanzo cha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Upande wa "haki za majimbo" umeshajaza karatasi mbili: ushuru wa forodha, majimbo kujiamulia mambo yao, na Rais Lincoln mwenyewe kutamka siku anaapishwa kwamba hana nia ya kuugusa utumwa kule ulikokuwepo. Upande wa utumwa wana hoja moja tu, kwamba watumwa waliteswa. Ni kweli, ila haijibu swali.

Naomba hoja zenye tarehe, mapigano machache yanayoelezeka (siyo orodha ya hamsini), na kama kipo, kitu cha kuwaonyesha vijana wa huku kwamba vita vile viliigusa Ugogo.

Kondoa Irangi

Mwalimu, usianze na Lincoln. Anza na majimbo ya Kusini yaliyojitoa Marekani, kwa maana yaliandika sababu zao yenyewe.

South Carolina ilijitoa tarehe 20 Desemba 1860. Tamko lake la sababu halitaji ushuru. Linalalamika kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Mississippi, mwanzoni kabisa mwa tamko lake, inasema msimamo wake umefungamana moja kwa moja na utumwa. Georgia na Texas nazo ziliandika kwa mkondo huohuo. Tarehe 21 Machi 1861 kule Savannah, Alexander Stephens, makamu wa rais wa Shirikisho la Kusini, yaani dola la majimbo yaliyojitoa, alitamka hadharani kwamba jiwe la msingi la serikali yao mpya ni kutokuwa sawa kwa mweusi na mweupe.

Hapo wafundishe vijana kuigeuza hoja ya wapinzani. Sheria ya 1850 ya kuwarudisha watumwa ilikuwa ya serikali kuu. Walioitumia nguvu ya jimbo kuikwepa ni Kaskazini, na Kusini ndio waliodai serikali kuu iwalazimishe. Kisha wafungue katiba ya Shirikisho: raia amehakikishiwa haki ya kuingia jimbo lolote na watumwa wake. Jimbo lisingeweza kumzuia. Sasa haki ya jimbo iko wapi?

Ushuru unajibiwa kwa kalenda peke yake. Sheria ya 1857 ilikuwa imeshusha viwango. Ushuru mkubwa wa Morrill ulitiwa saini na Rais Buchanan tarehe 2 Machi 1861, wakati majimbo saba yalikuwa yameshajitoa kufikia tarehe 1 Februari. Maseneta wao wangekuwa bado wamekaa vitini, sheria ile ingepita kwa shida sana.

Kuhusu kauli ya Lincoln, ni ya kweli na wala isifichwe. Ugomvi wa miaka arobaini haukuwa juu ya utumwa wa Alabama, ulikuwa juu ya ardhi mpya za magharibi. Mwaka 1820 walichora mstari kwenye latitudo ya 36°30', kaskazini yake utumwa usiingie katika ardhi hizo mpya. Sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854 ikaufuta, watu wakauana Kansas. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu ya Marekani ikasema Bunge halina uwezo wa kuzuia utumwa katika maeneo hayo. Chama cha Lincoln kilisimama hapo: utumwa usienee zaidi. Lincoln alishinda urais 1860 kwa karibu asilimia 40 tu ya kura, na hilo likatosha kuifanya Kusini ijitoe.

Kwa nini waliogopa kiasi hicho? Pesa. Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa 3,953,760. Anayeijua pamba ya Kanda ya Ziwa anajua mbegu inavyong'ang'ania nyuzi. Mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney, ya 1793, iliondoa kazi hiyo ya vidole, kukabaki kulima na kuchuma. Mashamba yakasambaa hadi Texas, na kila shamba jipya likahitaji watu wa kununuliwa. Kufikia 1860 pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya mauzo yote ya Marekani nje ya nchi.

Chamwino

Ndugu wa Kondoa umeeleza vizuri, ila vijana watenganishe maswali mawili, maana majaji watawabana hapo: kwa nini Kusini ilijitoa, na kwa nini Kaskazini ilipigana. La kwanza jibu lake ni utumwa. La pili, mwanzoni, ni kuulinda Muungano, yaani Marekani ibaki nchi moja. Majimbo manne yenye watumwa yalibaki upande wa Lincoln: Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri. Ndiyo sababu Tangazo la Ukombozi la tarehe 1 Januari 1863 liligusa maeneo yaliyoasi tu. Hayo manne liliyaacha, na Tennessee pia.

Binti Mpwapwa

Nachukua mapigano. Kabla ya yote waelewe bunduki, la sivyo hawataelewa kwa nini watu walikufa vile.

Ilikuwa ya kushindilia kwa mbele kama gobori, lakini mtutu una mifuo ndani na risasi ya Minié hutanuka ikishika mifuo hiyo. Askari anachana karatasi ya risasi kwa meno, anamimina baruti, anaisukuma risasi kwa mdeki (fimbo ya kushindilia), anarudisha mdeki mahali pake, anaweka fataki ya kuwashia baruti, anavuta mtambo, analenga, anapiga. Aliyezoea alifikisha mara tatu kwa dakika. Kosa la kawaida lilikuwa kusahau fataki. Katika kelele zile askari hajui kwamba yake haikulia, anashindilia nyingine juu yake. Baada ya Gettysburg ziliokotwa bunduki kwa maelfu zenye risasi zaidi ya moja ndani.

Bunduki ya mtutu laini ilikuwa ya kutumainiwa mpaka kama mita 90. Hii mpya ilifika mara tatu ya hapo na zaidi, lakini majenerali waliendelea kupanga watu bega kwa bega kuvuka uwanja mtupu. Tarehe 3 Julai 1863 pale Gettysburg, Lee, jenerali wa Kusini, alituma watu kama 12,500 kuvuka zaidi ya kilomita moja ya mashamba. Karibu nusu yao waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa.

Sasa ninayopendekeza. Fort Sumter, 12 Aprili 1861, itajwe kama mlango tu: Kusini ilipiga mizinga, Lincoln akaita askari 75,000, majimbo manne zaidi yakajitoa, yakawa kumi na moja.

Antietam, 17 Septemba 1862. Jeshi la Muungano (Kaskazini) lilikuwa limeokota nakala ya amri za Lee siku nne kabla. McClellan, jenerali wao, akachelewa, na alipoanza akapiga kwa vipande: upande mmoja kwanza, kisha katikati, kisha upande wa pili. Lee akapata muda wa kuhamisha watu kila mahali palipozidiwa. Waliokufa, kujeruhiwa na kupotea siku ile moja ni karibu 23,000. Lee alirudi Virginia, na hilo likamtosha Lincoln: siku tano baadaye alitangaza kwamba watumwa wa maeneo yatakayokuwa bado yameasi Januari watakuwa huru. Uingereza na Ufaransa, zilizokuwa zinafikiria kuitambua Kusini, zikasita.

Vicksburg, na kwangu hii ndiyo ya kukaa nayo kuliko Gettysburg. Mji uko juu ya kingo za mto Mississippi, na mizinga yake inatazama mto. Grant, jenerali wa Kaskazini, alijaribu njia za vinamasi kaskazini mwa mji miezi kadhaa, zikashindikana. Usiku wa tarehe 16 Aprili 1863 meli zake zikapita chini ya mizinga ile, jeshi likatembea ng'ambo ya magharibi, na tarehe 30 likavuka kusini mwa mji. Badala ya kwenda Vicksburg moja kwa moja alielekea mashariki, akapiga Jackson na kukata reli, ndipo akageuka. Mapigano matano kwa siku kumi na saba. Alipofika kwenye handaki alishambulia tarehe 19 na 22 Mei, akashindwa mara zote mbili. Akaacha kushambulia, akauzingira mji. Njaa ikamaliza kazi: tarehe 4 Julai wakasalimu amri watu zaidi ya 29,000. Kuanzia hapo Texas, Arkansas na sehemu kubwa ya Louisiana zilikatwa na wenzao.

Atlanta, 2 Septemba 1864, ihusishwe na kura. Agosti Lincoln aliamini atashindwa uchaguzi. Jenerali wake Sherman alipouteka mji, hali ikageuka, na Novemba Lincoln akamshinda McClellan yuleyule wa Antietam.

Na wasisahau maradhi. Takriban theluthi mbili ya vifo vya vita vile vilitokana na kuhara, homa ya matumbo, nimonia na malaria. Hesabu ya zamani ya vifo ni 620,000. Watafiti wa karibuni wanafika kama 750,000.

Reli ya Manyoni

Mwalimu, hilo la Ugogo lipo, na ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Waulize vijana: neno "merikani" limetoka wapi?

Ni shuka nyeupe ya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts na jirani zake, iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem. Kabla ya 1861 ilikuwa nguo inayotafutwa kuliko nyingine kwenye njia ya misafara. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa Kusini. Msafara ukitoka Mpwapwa ulivuka nyika kame ya Marenga Mkali, ukafika Ugogo ukiwa na kiu. Visima na nafaka vilikuwa mikononi mwa watemi wa Kigogo, na hakuna aliyepita bila kulipa hongo. Hongo ile ilikuwa ushuru wa njia unaotozwa waziwazi, siyo maana yake ya leo. Ililipwa kwa doti na shuka: shuka mikono minne, doti mikono minane. Ndiyo doti ileile tunayohesabia khanga.

Vita vilipoanza, pamba ya Kusini haikufika tena viwandani inavyotakiwa. Kusini yenyewe iliizuia mwaka 1861 ikitaka kuitia Uingereza shinikizo, na meli za Lincoln zikazifunga bandari. Shinikizo halikufaulu, kwani Uingereza ilikuwa na akiba ya mavuno makubwa ya nyuma, kisha ikageukia pamba ya India na Misri. Huku kwetu merikani ikaadimika Zanzibar, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake.

Na kuna mtu wa kuunganisha yote mawili. Henry Morton Stanley alipigana Shiloh, Aprili 1862, upande wa Kusini, katika kikosi cha Arkansas. Alitekwa siku ya pili, akafungwa kambini Chicago, kisha akaingia jeshi la Kaskazini. Mwaka 1871 akapita Mpwapwa na Ugogo akimtafuta Livingstone, akihesabu doti za hongo.

Mwalimu Ipagala

Nimeshukuru sana, ndugu zangu. La mwisho: kijana mmoja anasema Lincoln "aliwapa" uhuru. Nimjibuje?

Chamwino

Mwalimu, mpe hesabu. Watumwa walianza kukimbilia kambi za Muungano tangu Mei 1861 pale Fort Monroe, Virginia, kabla ya tangazo lolote, na kukimbia kwao kukailazimisha serikali kuamua. Wanaume weusi karibu 180,000 waliingia jeshini, na wengine wapatao 19,000 wanamaji. Kwa muda mrefu mweusi alilipwa dola 10 kwa mwezi zikikatwa 3 za nguo, mweupe akilipwa 13 bila makato hayo. Vikosi vingine vilikataa mshahara kabisa kuliko kupokea pungufu, mpaka Bunge likasawazisha Juni 1864. Harriet Tubman aliongoza askari kwenye mto Combahee, Juni 1863, wakatoka na watumwa zaidi ya 700 kwa usiku mmoja.

Na tarehe asichanganye. Lee alisalimu amri 9 Aprili 1865, lakini watumwa wa Kentucky na Delaware waliokuwa wamebaki walifunguliwa na marekebisho ya 13 ya katiba, yaliyokamilika 6 Desemba 1865. Aziweke kwenye mstari mmoja na za kwetu: soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873, na sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilikuja 1922.