Nimepoteza mtoto wa mbwa kwa parvo, waliobaki nawakingaje?

Bawabu wa Usiku

Wakuu, nina msiba ambao mfuga mbwa ndiye atanielewa. Jumanne mtoto wa mbwa wangu, jike wa wiki 11, aligoma kula. Nikadhani kaokota uchafu mahali. Jioni akaanza kutapika povu la njano, Jumatano akaharisha damu, na ile harufu hadi leo naisikia puani. Daktari wa mifugo alipima kinyesi akasema parvo, yaani kile kirusi kinachoharibu utumbo wa mbwa, akamtundikia dripu. Ijumaa alfajiri akaondoka.

Kinachoniuma ni kwamba alikuwa amechanjwa! Sindano moja, akiwa na wiki saba, nikaweka kadi kabatini nikijua kazi imeisha.

Wamebaki watatu. Kaka yake wa tumbo moja, aliyechanjwa siku ileile, sindano ileile. Jike wa kama mwaka na nusu niliyempokea bila kadi wala historia. Na dume mzee wa miaka sita ambaye chanjo zake zote zipo. Wote walikuwa wakilala chumba kimoja na marehemu na kunywa bakuli moja. Nimepiga deki mara tatu kwa sabuni na ile dawa ya kuua vijidudu yenye harufu ya hospitali. Inatosha? Niwachanje sasa au nisubiri? Na huyu kaka mtu, nianze kumhesabu kwamba naye anaondoka?

Mama Chui

Pole sana ndugu yangu. Huyo kaka mtu uliyemuuliza mwisho ndiye wa kwanza: mpeleke leo, usisubiri atapike. Tangu kirusi kiingie hadi dalili zitoke ni siku 3 hadi 7, mara chache hufika 14, na mnyama huanza kukitoa kwenye kinyesi kabla wewe hujaona chochote. Maana yake siku yule mdogo alipogoma kula, mwenzake alikuwa keshalambishwa zamani.

Mimi niliwahi kumzika mmoja nikaokoa wawili wa uzao uleule, na kilichonisaidia ni kipimajoto. Asubuhi na jioni, kwa nyuma, ncha umeipaka mafuta. Joto la kawaida la mbwa ni kama 38.3 hadi 39.2. Mmoja alifika 40 huku bado anang'ata kamba za viatu vyangu! Tukamwahisha, dripu ikaanza kabla hajaishiwa maji mwilini. Asipotibiwa kabisa wengi hufa, akiwahishwa wengi hupona.

Halafu piga simu kabla hujafika. Mbebe mikononi, asikanyage sakafu wanapopita watoto wa wenzio.

Kijiti Kikavu

Mnajisumbua. Mimi wangu nawapa antibiotiki za binadamu na yai bichi, miaka yote hakuna aliyekufa. Chanjo ni biashara tu, si mmeona huyo kachanjwa na kafa?

Mama Chui

Kijiti, mwenzio amefiwa. Antibiotiki haziui kirusi. Daktari huzitoa kwa sababu utumbo ulioharibika hupitisha bakteria kwenye damu, na anazichoma kwa sindano maana mgonjwa anatapika kila kitu. Wewe ukimsukumia mdomoni mbwa anayetapika, unamtesa tu.

Sindano Baridi

Nafanya kazi kwenye kliniki ya wanyama, si daktari, ila sindano hizi nazishika kila siku. Hili la "kachanjwa na kafa" nalisikia sana.

Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mama yake kupitia dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Kinga hiyo inamlinda, lakini pia inaizima chanjo: sindano ikiingia, kinga ya mama inaikamata kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu. Kinga ya mama hupungua kidogo kidogo, na kwa kila mtoto hupungua kwa kasi yake, hata ndugu wa tumbo moja. Katikati kuna siku ambazo haitoshi tena kuzuia ugonjwa lakini bado inatosha kuharibu chanjo. Ndipo parvo inapopita.

Kwa hiyo ratiba huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na sindano ya mwisho isiwe kabla ya wiki ya 16. Hiyo ya mwisho ndiyo mnayoiruka. Wa kwako alipata moja ya wiki ya saba, na huenda haikufanya lolote. Hukumuua, Bawabu. Hukuelezwa tu.

Sasa kuhusu waliobaki. Jike asiye na kadi achanjwe haraka kama ni mzima na hana mimba. Chanjo hai, ile yenye kirusi kilichodhoofishwa, huanza kufanya kazi ndani ya siku chache, na kwa mkubwa hata dozi moja humpa ulinzi mzuri, ingawa wengi hurudia ya pili. Kama kirusi kimeshamwingia haitamtibu, lakini kama hakijamwingia umemfungia mlango. Kaka mtu aangaliwe kwanza. Mwenye homa hachanjwi. Mzee uliza tu kama miaka mitatu imepita tangu sindano yake ya mwisho.

Ugonjwa huu haukujulikana kwa mbwa kabla ya 1978, na ndani ya kama miaka miwili ulikuwa dunia nzima. Kitu kinachosafiri hivyo hakishindwi na kizingiti chako.

Ndoo na Fagio

Bawabu, hiyo deki yako nasikitika, haijaua kitu. Kirusi cha parvo hakina ule utando wa mafuta ambao sabuni na spiriti huvunja. Dawa nyingi za harufu nzuri zinapita juu yake kama mvua kwenye bati.

Kinachokiua ni klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, jiki ya kawaida isiyo na manukato. Nusu kikombe kwa lita nne za maji baridi, ichanganywe siku hiyohiyo. Ila kwanza sugua kwa sabuni na usuuze mpaka sakafu ing'ae, kwa sababu klorini ikikutana na kinyesi au matapishi inaishiwa nguvu kwenye uchafu kabla ya kukifikia kirusi. Ndipo umwage klorini na uiache ilowe dakika 10 nzima. Watu wanafuta baada ya dakika moja halafu wanashangaa. Fungua madirisha, na usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Mkojo pia uusuuze kwanza, ukikutana na klorini unatoa hewa ya kuchoma mapafu. Mbwa wasirudi mpaka pakauke.

Blanketi, mkufu wa ngozi, midoli ya kitambaa: choma moto, usiwe na huruma. Mabakuli ya chuma yanasalimika.

Bawabu wa Usiku

Nashukuru sana. Kaka mtu nimempeleka, joto 39.7, wamembakiza. Jike kachanjwa. Nina maswali: uani ni udongo mtupu, nitamwagaje klorini? Nina paka pia. Na wanangu walikuwa wakimbusu marehemu hadi mdomoni.

Ndoo na Fagio

Udongo hautakasiki, ukweli ndio huo. Okota kinyesi chote, fyeka majani jua lifike chini, mwagia maji mengi kupunguza makali, kisha acha muda ufanye kazi. Kwenye kivuli chenye unyevu kirusi kinaweza kukaa mwaka na zaidi.

Sindano Baridi

Wanao hawana shida, parvo ya mbwa haimpati binadamu. Binadamu ana parvo yake, nyingine kabisa. Ila wanaweza kuibeba kwenye viatu na mikono, na jeli ya spiriti haisaidii: wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, angalau yanaking'oa. Paka anaweza kuambukizwa aina za sasa za kirusi hiki, lakini chanjo ya paka ya panleukopenia, yaani ugonjwa wa paka unaofanana na parvo, humlinda vizuri.

Kijiti Kikavu

Na yule mzee? Mnasema salama, lakini si anabeba?

Mama Chui

Leo umeuliza la maana. Mzee haugui ila manyoya na miguu yake vinabeba, kwa hiyo aogeshwe, hasa nyuma na nyayo. Na kwenye kuhudumia, anza na wazima umalizie na mgonjwa, kamwe usirudi nyuma. Mimi nilikuwa na ndara za mgonjwa peke yake, zinakaa mlangoni kwake. Mume wangu alizivaa mara moja kwenda kuzima taa nje. Tulinuniana siku mbili.

Bawabu wa Usiku

Mrejesho, siku ya 13. Kaka mtu alitapika siku mbili, damu kidogo, chembe nyeupe za damu zikashuka, lakini siku ya tano alimwibia mhudumu chakula mkononi. Yuko nyumbani, kwenye chumba chake. Jike na mzee wako sawa, joto halijapanda hata mara moja. Ndara ninazo, nyekundu, watoto wameambiwa ni za moto.

Jirani anataka kunipa mtoto mwingine wa mbwa ili kunifuta machozi. Nimekataa, ila wanangu hawanisemeshi.

Sindano Baridi

Umefanya vema. Kwa uani wa udongo ngoja mwaka, na atakayekuja amalize sindano zake zote kwanza huko anakotoka. Aliyepona ataendelea kutoa kirusi kama wiki mbili hivi, usimchanganye na wenzake. Kinga ya parvo sasa anayo ya muda mrefu, lakini sindano zake amalizie akipata nguvu, kwa sababu zinakinga magonjwa mengine ya mbwa pia, distempa na homa ya ini. Kadi iko kabatini bado?

Bawabu wa Usiku

Iko kwenye mlango wa friji. Ya marehemu ndiyo nimeiacha kabatini.